Mstari Mmoja wa Bi Mwanne

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye duka letu la vitenge hapa Kariakoo, Bi Mwanne Uwesu anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Mei 2025. Alipaswa kustaafu mwaka juzi. Akaahirisha, na mwaka jana akaahirisha tena, yote kwa sababu ya mstari mmoja.

Alianza kama mpimaji wa vitambaa. Kompyuta ilipoletwa aliitazama wiki nzima kama mkwe mgeni, kisha akajifundisha Python, lugha ya kuandikia programu, na kutuandikia programu ya stoo. Tangu hapo duka lina ibada mbili za asubuhi: Mzee Natvarlal, mwenye duka, anawasha udi, Bi Mwanne anaandika mstari wake kwenye kompyuta, Jora.pakia_vipimo(), anabonyeza, anakunywa chai. Sisi wengine tuliamini zote mbili ni za kufungua riziki.

Bi Mwanne alipougua malaria, mstari haukuandikwa, na kompyuta ikadai hakuna jora lenye urefu. Filbert wa mauzo akawasha udi wa pili. Wapi! Ndipo akaingiza yadi 30 kwenye jora moja na kutangaza, “Kazi imeisha, wazee!” Jora hilo likapona. Mengine mia nne hayakuwa na habari.

Aliporudi alitueleza tena, taratibu. Urefu haukai kwenye jora moja moja. Unakaa kwenye klasi, yaani kiolezo cha majora yote. Methodi ya klasi, yaani amri ile ya pakia_vipimo, ndiyo inayousoma kwenye faili na kuuweka pale mara moja, kila jora likauona. Ila haijitumi, lazima iitwe.

“Mmeelewa?” akauliza.

“Sana, mama,” akajibu Filbert, macho kwenye feni.

Basi wiki iliyopita akauingiza mstari wenyewe ndani ya programu, mara tu baada ya klasi, ili programu ikiwaka nao ufanye kazi. Kwa nini hakufanya hivyo miaka yote? Anasema alitaka kuhakiki vipimo kwa macho yake kila asubuhi. Haya.

Juzi Jumatano tulijaribu. Bi Mwanne aliketi kwenye stuli, mikono ameikalia. Filbert akawasha kompyuta. Yadi 30, 30, 30. Tukapiga makofi. Yeye akashusha jora moja, akalipima mwenyewe kwa fimbo ya yadi. Thelathini. Akamkabidhi Filbert fimbo.

Asante, Bi Mwanne. Kuelewa bado hatujaelewa, ila inafanya kazi. Nenda nyumbani Ilala ukapumzike, uwe na afya na raha tele. Jumatatu usije. Ukija, njoo kama mteja, tutakupimia.