Fundi Zakaria Munyithya: Alikouona Mkono wa Mungu

Bwana asifiwe, waombolezaji. Na wageni wetu mliosafiri kutoka Tarbaj na saumu zenu, asalaam aleikum.

Mimi ni Kavuli, kitinda mimba wa mzee Syengo. Marehemu ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Kamati ya mazishi iliniambia nisome kilichochapishwa kisha nikae. Nitasoma, lakini nimeongeza, na wanaonijua wanajua kwamba mtu wa kuninyang'anya kipaza sauti bado hajazaliwa. Wiki nzima nyumba yetu imekuwa na ubishi mmoja: je, hawa waliotoka Tarbaj kuja kumzika ndugu yetu watatia udongo kaburini, au wataketi hemani watazame tu? Kaka yetu mkubwa Kilatya, mwenyekiti wa kamati, alisema watazame. Alikuwa na sababu yake, nayo haikuwa ndogo.

Marehemu Zakaria Munyithya Syengo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 huko Nuu, Mwingi, mtoto wa pili wa hayati Syengo Nzuki na hayati Kasyoka. Ulikuwa mwaka wa kiangazi. Mama alikuwa akisema mtoto huyo alililia maji kabla ya kulilia maziwa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Nuu. Siku moja mwalimu wa dini aliuliza darasa Mungu yuko wapi, watoto wote wakaitika, "Kila mahali!" Zakaria akainua mkono akauliza kama yuko hata kwenye kisima cha mzee fulani aliyechimba mchangani mtoni na kuwafukuza majirani kwa panga. Alichapwa viboko kwa utovu wa adabu. Alirudi nyumbani akijipapasa makalio, akasema, "Nimechapwa, lakini sijajibiwa." Alimaliza kidato cha nne mwaka 1989, kisha akajifunza ufundi wa mitambo katika chuo kimoja Mombasa.

Aliingia Garissa mwezi wa Mei 1994 kama fundi wa mashine za visima, akafanya kazi Buna, na kuanzia mwaka 2009 akawa Tarbaj. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Kalekye, mwimbaji wa kwaya ya kanisa letu hapa Garissa, wakajaliwa watoto wawili. Kalekye alimkubali kwa sharti la kwamba hatakuja kumposa na mikono yenye grisi. Alikuja nayo. Wifi, unacheka na machozi yanakutoka; cheka tu.

Tuliosali naye tunakumbuka ibada za Jumatano, ule wakati wa kushuhudia Mungu ametenda nini wiki hii. Zakaria alikuwa mgumu hapo. Ukisimama useme Mungu amekupa kiwanja, atakuuliza taratibu kama kuna mwenzako aliyenyang'anywa. Watu walikasirika. Walisema huyu fundi anampima Mungu kwa spana. Lakini ugumu ule haukuanza bure, na yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza nisiufiche mwanzo wake.

Mwaka 2011, ukame ulipokuwa umebana, alikuja mhubiri kutoka Nairobi akatangaza kwamba Mungu amesema mvua itanyesha kabla ya Jumapili ya pili. Zakaria alifunga na kuomba, akaamini. Akarudi Tarbaj akawaambia wafugaji wasihame na mifugo, Mungu amenena. Nunow, mwenyekiti wa kamati ya kisima, ndiye huyu mnayemwona pale mbele mwenye kofia nyeupe, alibaki. Hakumwamini mhubiri, hata hakumjua. Alibaki kwa sababu Zakaria hakuwa amemdanganya hata siku moja. Mvua haikunyesha. Waliohama waliokoa kitu, na Nunow akabaki na mizoga uani.

Zakaria alikwenda kwake akalia. Nunow akamwambia, "Fundi, wewe ni mtu ya ukweli. Lakini Mungu usimbebee maneno. Yeye ako na mdomo yake." Marehemu alisema mahubiri yote aliyosikia maishani hayakumkata kama hayo, na yalitoka kwa Mwislamu aliyesimama kati ya mbuzi zake zilizokufa. Tangu siku hiyo hakusema tena "Mungu amesema." Alisema "nimeona," na kama hakuona, alinyamaza.

Sasa nafika mahali ambapo kamati ilitaka niruke.

Mwaka 2021 marehemu alimtafutia kazi kijana wetu Syengo, mtoto wa kaka Kilatya, aliyepewa jina la baba yetu. Kijana alipata kazi ya kuendesha mashine ya kisima kule Diff, mpakani mwa Somalia. Desemba hiyo hiyo watu wenye bunduki waliingia Diff mchana wakamuua. Tulimzika Nuu. Kilatya alirusha udongo bila kutazama shimo, na hakumlaumu mtu, kwa kinywa.

Mwezi uliofuata watu wa namna hiyo walikuja Tarbaj, saa za adhuhuri, wakiuliza yuko wapi fundi wa mashine, yule Mkristo. Hakukuwa na nafasi ya kukimbia, kule ni uwanda mtupu. Arbia, mke wa Nunow, alimshika Zakaria mkono akamwingiza ndani ya chumba cha binti yao Deka. Deka alikuwa amejifungua karibuni na alikuwa bado ndani ya arobaini yake. Wenyeji wa hapa hawahitaji kuelezwa, lakini ninyi mliotoka Mwingi jueni: katika siku hizo mwanamume wa nje hainui hata pazia la mlango ule. Ni aibu isiyofutika. Arbia aliifanya. Alimlaza nyuma ya kitanda cha mzazi, akamfunika kwa blanketi na nguo za mtoto.

Zakaria alinisimulia mara moja tu. Moshi wa ubani ulimjaa kooni, akauma blanketi asikohoe. Alimsikia Deka juu ya kichwa chake akimnyonyesha mtoto, akihema haraka haraka. Nje walimuuliza Nunow fundi yuko wapi. Akasema kaenda Wajir kutafuta spea. Wakamwambia aape kwa jina la Mwenyezi Mungu. Hakuapa. Wakamwambia tena, aape. Akasema, "Siapii mtu ya bunduki." Wakampiga kwa vitako vya bunduki, na Zakaria akasikia kila pigo. Alisema aliinua kichwa ili ajitokeze, na Deka akamkandamiza chini kwa mguu. Kisha nyayo zikaja mpaka mlangoni. Arbia akasimama hapo na sauti yake ikasikika: "Ndani kuna mzazi. Nyinyi hamna mama?" Wakageuka, wakaondoka. Nunow mpaka leo hasikii kwa sikio la kushoto, kwa hiyo mkimpa pole, mpeni upande wa kulia.

Februari hiyo kanisa lilimwita marehemu atoe ushuhuda. Mnakumbuka jinsi kanisa lilivyojaa. Mzee mmoja wa kanisa akatangulia kusema, "Mungu ana makusudi na wewe, ndiyo maana alikutoa katika mikono ya adui." Kaka Kilatya akasimama katikati ya ibada, akauliza, "Na mwanangu? Mungu hakuwa na makusudi naye?" Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Zakaria alisema, "Kaka, sijui. Nimeuliza kila siku na sijui. Lakini nikisikia mtu hapa anasema Mungu alinipenda mimi kuliko Syengo, nitashuka madhabahuni nisipande tena. Ninalojua ni nililoona. Niliona mtu akipigwa kwa ajili yangu, na mwanamke akivunja mwiko wa nyumba yake kwa ajili yangu, na mimi si wa kwao. Injili ninayoisoma inaniambia kazi ya namna hiyo ni ya nani. Sitaikana kwa sababu imefanywa na mikono ya majirani nisiosali nao."

Wengine walitoka wakinung'unika. Kilatya alitoka bila kunung'unika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Hakukanyaga tena nyumba ya ndugu yake wala hakupokea simu yake.

Marehemu alirudi Tarbaj. Tulimsihi, Kalekye alipiga magoti, na mimi nilimtukana, sioni haya kusema. Nilimwambia bahati haiji mara mbili. Akaniambia, "Kavuli, ukitaka kujua Mungu yuko kazini wapi, tafuta mtu anayepoteza kitu chake kwa ajili ya asiye wake. Nimemwona akifanya kazi kule. Unataka nikamngojee mahali pengine?" Ukame ulikuwa umerudi, mashine zilikuwa zikinguruma usiku na mchana, na yeye ndiye aliyejua magonjwa yake. Alikaa huko akifanya kazi, na habari za kila gari geni lililotimua vumbi kule zilinifikia mimi Garissa kwa simu.

Bunduki haikumpata. Ugonjwa ulimpata. Septemba 2024 alianza kukabwa na chakula, na mwezi wa Novemba madaktari wakasema ni saratani ya umio. Alitibiwa Garissa na Nairobi. Mwishoni hata maziwa ya ngamia aliyoletewa na Arbia hayakupita. Alikuwa akilowesha midomo tu na kusema ni matamu. Wapo waliomtembelea kumuuliza kama ugonjwa ule ni Mungu anamwambia jambo. Aliandika kwenye kiganja changu kwa kidole, kwa kuwa sauti ilikuwa imekwisha: SIJUI. Aliomba kitu kimoja, Kilatya aje. Aliandika kwamba ana neno la kaka yake, na ni Kilatya peke yake wa kulipokea. Tulipiga simu, tukatuma watu. Kilatya alifika Garissa Jumatatu. Ndugu yake alikuwa amefariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka 53. Nilimwona kaka amesimama nje ya chumba cha maiti, ameshika ukuta, na nilimkasirikia na kumhurumia kwa pamoja.

Kilichochapishwa kimeishia hapo. Haya mengine nimeyaandika asubuhi ya leo kwa kalamu.

Jana kabla ya magharibi wageni wa Tarbaj waliwasili. Kilatya aliwakuta langoni kabla hawajaketi. Nilikuwa hapo na sahani ya tende.

"Wewe ndiye Nunow?"

"Ni mimi, walaal, ndugu yangu."

"Ndugu yangu mlimficha. Mwanangu alifichwa na nani?"

Nunow aligeuza sikio zima, akamwomba arudie. Kilatya akarudia, kwa nguvu. Nilijua mtu akikosea neno hapo, tutazika tukilindwa na polisi.

"Hakuna mtu alimficha, walaal," Nunow akasema. "Ilikuwa haraka sana. Mimi siwezi kukudanganya."

"Basi alilala juani kama mbwa."

Hapo Arbia akaingia kati. "Hapana! Nani alikuambia hiyo? Dada yangu Ramlo anakaa Diff. Wale watu walisema mtu asiguse maiti. Ramlo alitoka, akamfunika kijana na shuka yake, akasimama upande ya jua amfanyie kivuli. Watu wanamwambia, ingia ndani, watarudi wakuue. Akasema, huyu ako na mama mahali. Alisimama mpaka gari ya serikali ikakuja jioni." Kisha akamtazama Kilatya kwa mshangao wa kweli. "Fundi hakukuambia? Aliporudi kwetu kutoka kanisa yenu, alienda Diff mwenyewe kuuliza, ili akuambie."

Sijawahi kumwona kaka yangu akikaa chini mavumbini. Jana alikaa. Miaka mitatu amekuwa akimwona mwanawe peke yake kwenye lile jua, na miaka mitatu simu ya kumwondolea picha hiyo ilikuwa ikilia mfukoni mwake. Adhana ilipoadhiniwa aliinuka, akachukua sahani mikononi mwangu, akampa Nunow tende ya kwanza.

Asubuhi ya leo Kilatya ameniambia nifute kwenye ratiba ule mstari wa kuwazuia wageni wasitie udongo. Wote watatia. Kisha akasema, na amenipa ruhusa niseme mbele yenu: "Mimi na Mungu bado hatujamalizana. Lakini huyo mama nataka kumwona kwa macho yangu." Hajawahi kukanyaga Diff. Ameniuliza mama wa kule hupelekewa zawadi gani, nami nikamwambia shuka, kama ile aliyomfunika nayo kijana, lakini mwanamume asiinunue peke yake, atanunua ovyo.

Marehemu Zakaria ameacha mjane, Kalekye, watoto, Mumbua na Musyimi, kaka, Kilatya, dada, mimi Kavuli, na huko Tarbaj ameacha Nunow, Arbia, Deka, na mtoto wa Deka, ambaye siku hizi akiulizwa jina la fundi wa mashine husema "mjomba".

Pumzika kwa amani, ndugu yangu. Neno lako limemfikia Kilatya. Jumatatu tunakwenda Diff.