Wimbo Uliotoka Baada ya Mazishi

Mpiga gitaa alikuwa amekaa dirishani ndani ya basi aliposikia, kwenye simu ya abiria wa kiti cha nyuma, sauti ya mdogo wake wa kike. Ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi yao, na walimzika mwezi uliopita.

"Ndiyo kwanza wanaanza kupata mashabiki, tayari wanamuuza marehemu," alisema fundi cherehani mmoja. "Udongo wa kaburi haujakauka!"

"Usiseme hivyo, mwenzangu," muuguzi mwenye simu alimkatiza. "Huu wimbo umeniliza tangu asubuhi. Wangeuficha ili iwe nini?"

"Angekuwa mdogo wako, ungekubali?"

Hawakujuana hata kwa jina, lakini waligombana kama mawifi. Mpiga gitaa alijikaza. Wenzake wa bendi walikuwa wamesita kuutoa wimbo ule. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania.

Muuguzi akamgusa bega. "Kaka, hebu tuamulie. Walifanya vizuri?"

"Sijawahi kuusikiliza hadi mwisho," alijibu, na ilikuwa kweli.

"Basi sikiliza." Akamsogezea simu sikioni.

Pale mdogo wake alipovuta pumzi kuanza ubeti wa mwisho, basi lilisimama. Mpiga gitaa akateremka haraka, ingawa kituo hicho hakikuwa chake.