Kadi Zinazolaliana

Tangu Magomeni, Yassini aliendesha bajaji masikio yakiwa kiti cha nyuma, ambako abiria wawili wasiojuana, wote wakielekea kiwandani, walikuwa wakibishana.

"Kadi za mahudhurio zikilaliana, nyaya za ndani zinaingiliana, mashine ya getini haisomi hata moja," alisema fundi Innocent. "Hizi mpya za kiwanda chenu, kila moja nimeiwekea waya kwenye pembe tofauti. Shika hata kumi pamoja, dada, zote zinasomeka."

Felista alisonya. "Msomi mzima! Nani anashika kadi kumi, kama si mtu wa kuwagongea kadi wenzake waliolala nyumbani? Ndiyo ulichosomea, kuwabeba watoro?"

Yassini akaona dada huyu angefaa uhakimu.

Getini Felista alishuka, akatoa mkobani kadi saba zilizofungwa kwa mpira. Akaanza kuufungua mpira, akasita, akamtazama Innocent kwa dharau, akazigusisha zote kwa pamoja.

Mashine ikalia mara saba.