Dada Yetu na Hesabu ya Nchi Mbili

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa baba fundi saa na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha treni. Mimi ninayesoma ni kitinda mimba wao, na mgongo wake ndio ulionilea.

Alimaliza sekondari mwaka 1979, kisha akasomea takwimu chuo kikuu hadi 1984. Jicho la kugawa alikuwa nalo tangu utotoni. Siku moja nililalamika kwamba majirani wananunua mikate miwili na sisi mmoja. Alinishika mkono hadi dirishani kwao, akanionyesha watoto waliojaa mezani. "Usiangalie mkate, mdogo wangu," alisema. "Angalia midomo." Nilirudi nikala kipande changu.

Januari 1985 aliajiriwa wizarani, kitengo cha takwimu za elimu. Kazi yake ilikuwa kulinganisha, mwaka hadi mwaka, serikali yetu na ya nchi jirani zinatumia kiasi gani kusomesha watoto. Wenzake walimbandika jina la Bi Asilimia. Mwaka 2004 aligundua kosa lililopita mikononi mwake miaka yote hiyo: upande wetu ziliandikwa fedha zilizopangwa, upande wa jirani zile zilizotumika kweli. Ndiyo maana kila mwaka tulionekana tumewapita. Alipolinganisha matumizi kwa matumizi, tulikuwa nyuma, na pengo lilikuwa likipanuka tangu miaka ya tisini. Mkurugenzi alimwambia aziache takwimu zilivyo, kwa kuwa zilishasomwa bungeni.

"Zimesomwa, mkurugenzi, lakini hazikufika shuleni," alijibu.

Alihamishiwa chumba cha chini ya ngazi, kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Hakufukuzwa, ila hakuulizwa kitu tena. Alikaa humo hadi alipostaafu mwaka 2021, na niseme wazi kwamba upweke ule ulimla. Kuna siku alimsimulia mfagiaji habari za mishahara ya walimu asubuhi nzima, na mfagiaji, mtu mwenye adabu zake, akawa anafagia palepale hadi sakafu ikang'aa.

Aya ya ndoa huwa inafuata hapa. Dada hakuolewa, na wenye midomo yao leo tunawaomba wapumzike. Lakini alikuwa na mtu. Alikuwa mtakwimu mwenzake, mgane, katika wizara ya nchi jirani. Walianza kupigiana simu mwaka 2005 ili kusahihisha takwimu; baadaye ikawa kila Jumapili, na takwimu zikawa kisingizio tu. Wizara zile mbili zilipokutana huko, mkurugenzi alimtuma mtu mwingine. Mwaka 2012 bwana yule alimwomba dada waoane. Dada alikubali, ila aliomba kwanza amalize kusahihisha mlinganisho wote tangu 1985, maana hakutaka kuacha kosa lake nyuma. Shida ni kwamba takwimu za matumizi halisi huchelewa, na za mwaka mmoja zikitoka, za mwingine huwa zimeshaanza kusubiriwa. Hata alipostaafu aliendelea nazo mezani kwake, jikoni. Wanasema subira yavuta heri, lakini hii ya dada ilivuta miaka tu. Nilimwambia hivyo akiwa hai, akanijibu kwamba sielewi. Mpaka leo sielewi.

Moyo ulianza kumsumbua Agosti 2023. Alilazwa Novemba, na jioni ya tarehe 13 alinivuta karibu na kitanda.

"Mpigie mwenzangu," alisema. "Mwambie za mwaka huu sizisubiri. Nakuja."

Niliona usiku umeingia, nikasema nitapiga kukicha. Alfajiri dada akafariki. Simu niliipiga, na ilinibidi nimpe bwana yule habari zote mbili kwa pamoja.

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, wifi yake, watoto wetu watatu waliomwita shangazi, na mwenzake huyo, aliyevuka mpaka jana kwa basi. Tumemwomba akae hapa mbele, pamoja nasi wafiwa. Hii ndiyo mara yao ya kwanza kuonana.

Dada yetu apumzike kwa amani, na mwenzake asiachwe peke yake leo.