Kifaa Kinachosikiliza Moyo Wangu

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi wa mbele, na ninyi wa kule mlangoni mnaopigwa na upepo wa ziwa!

Naitwa Nyanjura, mke wa Masatu. Hapa Nyakato mnanijua kwa kukaanga samaki, lakini kwetu ni Kisorya, pale kwenye kivuko. Leo nautaja ugonjwa wangu kwa jina. Ni kifafa. Nimekuwa nacho tangu utoto.

Ndugu zangu, kilikuwaga kinaanza vizuri. Ndiyo, vizuri! Kwanza nasikia harufu ya mapera yaliyoiva, hata kama hakuna mpera karibu. Halafu ziwa linakuwa jeupe kama maziwa, mitumbwi inaelea hewani, haigusi maji. Sauti za watu zinakwenda mbali, zinakuwa laini, kama kuna mtu ananiita kutoka Ukerewe na mimi nataka kumwendea. Baada ya hapo sijui kitu. Nikifumbua macho nina mchanga mdomoni, nguo zimelowa, na watu wamesimama mbali. Waliamini povu langu linaambukiza.

Nilimeza dawa za hospitali ya Bunda, zikabadilishwa, bado nikawa naanguka. Siku moja nikatoka kwenye maombi, nikaziacha. Hakuna mtumishi aliyeniambia niache, hilo lieleweke! Nilijidanganya mwenyewe kwamba kumeza vidonge ni kukosa imani. Siku ya nne niko sokoni, nageuza sato kwenye mafuta, nikasikia mapera.

Nikaangukia jiko. Watu wakakimbia. Aliyenivuta ni mzee Shabani, Mwislamu, muuza vitenge wa meza ya pili. Alinifuta povu kwa kitenge kipya cha kuuza. Nilipozinduka nikamwambia, "Mzee, umenigusa. Utaugua."

Akasema, "Mwanangu, kama ni kuugua tutaugua wote. Nyamaza kwanza, mkono umeungua."

Mkono wenyewe ni huu. Utazameni.

Nikarudia dawa kwa uaminifu, bado nikaanguka. Daktari wa Musoma akaniandikia rufaa ya Dar es Salaam. Huko daktari mmoja, dada mpole, aliniwekea kiganjani kitu kidogo kama saa isiyo na mkanda.

"Hiki tunakiweka chini ya ngozi ya kifua," akasema. "Waya wake unapanda hadi kwenye mshipa wa fahamu wa shingoni. Kinapeleka umeme mdogo kila baada ya dakika chache. Na kinasikiliza moyo. Moyo wako huwa unaanza kukimbia kabla hujaanguka. Kikisikia hivyo, kinaongeza umeme chenyewe."

"Hata nikilala?"

"Hata ukilala. Ila sauti yako itakuwa inakwaruza kikifanya kazi."

Ndugu zangu, mimi ni mwimbaji! Sauti ndiyo kitu pekee ambacho watu walikuwa hawakikimbii kwangu. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi na mume wangu, nikamweleza. Masatu akasema, "Nyanjura, mimi sikuoa sauti." Nikacheka, nikalia, nikarudi ndani kusaini.

Wakakiweka, lakini haikuwa kazi ya siku moja. Walikiongeza nguvu kidogo kidogo, miezi mingi. Halafu alasiri moja nimekwenda kwetu Kisorya, nimesimama karibu na kivuko na beseni la samaki wa kuuza, harufu ya mapera ikaja. Ziwa likaanza kuwa jeupe. Mitumbwi ikainuka. Yule wa Ukerewe akaniita kwa upole, na miguu yangu ikawa kama siyo yangu.

Ndipo nikasikia mtekenyo shingoni. Kile kifaa kimesikia moyo. Na ziwa likarudi! Polepole, bluu ikaingia kwenye weupe, mitumbwi ikashuka ikakaa juu ya maji. Mama mmoja alikuwa ananiuliza bei ya samaki, na mimi nimesimama. Nimesimama, ndugu zangu! Yesu asifiwe!

Sitadanganya mbele ya madhabahu. Dawa bado nameza. Tangu siku ile nimeanguka mara mbili. Zamani ilikuwa kila wiki. Kwaya nimehamia sauti ya chini, na mara nyingine inakwaruza katikati ya wimbo, mnavumilia. Dada mmoja wa hapa aliniuliza, "Umeponywa na Mungu au na mashine?" Nilimjibu, "Dada, mimi siwezi kuvitenganisha. Niliomba nisimame, nimesimama."

Namshukuru Mungu. Nawashukuru mlioniombea, na waliosoma hadi wakajua mshipa upi uguswe.

Sasa nasema na mama mmoja aliyetoka Butiama leo. Sitakutaja. Nyumbani una binti unamfungia chumba cha nyuma wageni wakija. Mama, mwamini Bwana, ufungue huo mlango. Kesho nitakuja, tutakwenda naye hospitali wote watatu. Na akianguka njiani, mimi ndiye nitakayemshika.

Amina.