Tangazo la Mwisho la Mzee Narudia

Marehemu, ambaye mitaa yote ilimfahamu kwa jina la Mzee Narudia, alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha kukamua mafuta. Alikuwa mtoto wa pili wa mlinzi wa kiwanda hicho na mkewe, fundi cherehani. Inasimuliwa kwamba kilio chake cha kwanza kilishinda kelele za mashine, hata baba yake akaja mbio kutoka getini akidhani kengele ya moto imelia. Mkunga akamwambia, "Rudi kazini, baba. Huu si moto, ni mwanao."

Alianza shule ya msingi Januari 1966. Hesabu zilimpiga chenga, naye hakujisumbua kuzikimbiza. Lakini kipaza sauti cha shule kilipoharibika, mwalimu mkuu alimsimamisha juu ya kiti asubuhi, awe anasoma matangazo. Wa nyuma walikuwa hawasikii kwa sababu ya soga, kwa hiyo alijizoesha kusema kila jambo mara mbili, na katikati akachomeka neno "narudia". Neno likamganda likawa jina. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1976, kwa matokeo ambayo familia imekubaliana yasisomwe hapa.

Mwaka 1979 aliajiriwa na duka moja la jumla kutangaza sabuni, na mwaka 1984 alinunua pikapu kuukuu, akafunga spika mbili juu ya paa, akaanza kazi iliyomlea yeye na waliomtegemea mpaka uzeeni. Alitangaza mechi, chanjo, maji kukatika, umeme kukatika, na misiba ya watu wengi ambao leo wangekuwa hapa kumlipa fadhila kama wasingetangulia. Alikuwa na kanuni moja: hatangazi kitu asichokijaribu. Kabla ya kusifu sabuni alifua shati lake nayo. Kabla ya kutangaza mtoto aliyepotea alienda kukaa na mama wa mtoto, amsikilize. Na tangazo likitoka na kosa, alirudi kulisahihisha katika barabara zilezile, bure. Wanasiasa hawajaribiki kabla ya kura, kwa hiyo hao aliwatoza mara mbili na kuwatangaza kwa sauti ya puani.

Mkewe, muuza vitambaa, hakuwahi kupenda kelele, na ndiyo maana ndoa yao ilishangaza wengi. Mwaka 1985 pikapu ilisimama mbele ya duka lake, spika zikanguruma: "Kumepotea moyo wa kijana mmoja wa mtaa wa kiwandani. Mara ya mwisho ulionekana karibu na duka la vitambaa. Atakayeuona aurudishe, au akae nao. Narudia..."

Baba wa binti alitoka na kandambili mkononi. "Zima hilo dude kwanza! Halafu tuongee kama watu!"

Dude likazimwa, wakaongea kama watu, na ndoa ikafungwa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1985. Walijaliwa mabinti wawili. Nyumbani marehemu hakubadilisha mtindo: "Mama, chai imepoa. Narudia, chai imepoa." Na mkewe alimjibu bila kuinua macho, "Nimekusikia mara ya kwanza, na mtaa wa pili nao umesikia."

Juni 2022 alikuja afisa wa bima. Serikali ilikuwa imeunganisha mifuko yote ya matibabu kuwa mmoja, ikapanga na bei ya kila huduma, na ilitaka sauti inayoaminika. Marehemu alimkaribisha kiti.

"Kadi moja, mzee. Bei moja, hospitali zote," alisema afisa. "Hakuna atakayerudishwa mlangoni."

"Sasa nitaijaribu wapi? Mimi siumwi."

"Utaumwa tu," afisa akacheka, "halafu utaona mwenyewe."

Mkewe alisimamisha mkasi katikati ya kitambaa. "Hayo si maneno ya kuchekea, kaka."

Marehemu alijikuna kidevu muda mrefu. Aliwakumbuka wote aliowatangazia misiba ambao wangepona kama wangefika hospitali mapema. Alitaka sana iwe kweli. Ukiacha wanasiasa, kwa mara ya kwanza maishani akarekodi kitu asichokijaribu: "Kadi moja, bei moja. Hakuna atakayerudishwa mlangoni. Narudia: hakuna atakayerudishwa mlangoni." Wazee walisema mdomo huponza kichwa. Hawakusema lolote kuhusu koo.

Mapema mwaka 2023 sauti ilianza kukwaruza. Alilaumu vumbi, akalaumu feni, akamlaumu hata mdogo wake, dereva wa pikapu, kwa kuendesha madirisha yakiwa wazi. Mwezi Mei daktari wa hospitali ya serikali aliona uvimbe kooni, akathibitisha kuwa ni saratani, na akaandika rufaa ya tiba ya mionzi. Mashine ya serikali ilikuwa mbovu. Nyingine ilikuwa katika hospitali ya binafsi, ile yenye bustani na samaki wa rangi ukumbini. Kwa kuwa mgonjwa hakuweza tena kupaza sauti, mdogo wake aliendelea kuzunguka na ile rekodi.

Jumatatu tarehe 3 Julai, marehemu na mkewe walifika mapokezi ya hospitali hiyo. Binti wa mapokezi aliitazama kadi kwa huruma, kama mtu anayetazama picha ya marehemu.

"Mzee wangu, kadi hii kwa sasa hatuipokei. Bei waliyotupangia hatukukubaliana nayo. Mazungumzo yanaendelea."

Wakati huohuo, nje ya ukuta, pikapu ilikuwa inapita. Hakuna atakayerudishwa mlangoni. Narudia.

"Si unawasikia?" binti alisema, akinyoosha kidole dirishani. "Nenda ukamuulize huyo anayetangaza."

Marehemu aliinama karibu na kioo. Kwa pumzi iliyobaki akasema, "Ni mimi."

Binti alifunika mdomo. Aliwaletea viti na maji ya baridi, kwa kuwa hivyo tu ndivyo vilivyokuwa ndani ya uwezo wake. Walikaa mpaka maji yakaisha, wakarudi nyumbani. Toka siku hiyo spika zilizimwa. Na toka siku hiyo, kwa mujibu wa mkewe, marehemu hakusumbuliwa na uvimbe kama alivyosumbuliwa na lile tangazo. Alimshika mkono usiku akanong'ona jambo moja tu: kuna watu wanapakia wagonjwa kwenye magari kwa neno lake.

Jumamosi tarehe 22 Julai kulikuwa na mjadala wa hadhara kwenye ukumbi wa manispaa. Mkurugenzi wa hospitali alisema bei ya serikali hainunui hata glavu. Afisa wa bima alisema hospitali za namna hiyo hutoza bandeji kwa bei ya shuka. Wenye kujua wanasema kila mmoja alikuwa na ukweli wake, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Tembo walipigana kwa hotuba, na nyasi zikaombwa zipige makofi. Muuza mkaa mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, "Samahani, mgonjwa hapa ni nani? Nyinyi au sisi?"

Kisha afisa akamwona marehemu. "Jamani, tunaye Mzee Narudia, sauti ya bima yetu! Mpeni kipaza!"

Marehemu alisimama. Alifungua mdomo, na ukumbi mzima ukasikia upepo unaopita kwenye tundu dogo. Mkewe akakichukua kipaza. "Anasema alirudishwa mlangoni," alisema, akakaa.

Jumatatu iliyofuata pikapu ilitoka tena. Mdogo wake aliendesha, marehemu alikaa katikati, na mwanamke aliyechukia kelele kwa miaka yote ya ndoa yake alishika kipaza: "Tangazo la marekebisho. Mlisikia kwamba hakuna atakayerudishwa mlangoni. Mtangazaji mwenyewe amerudishwa. Kadi msizitupe, lakini ulizeni kwanza kabla ya kumpakia mgonjwa. Narudia..." Mkewe akisema haraka mno, marehemu alimgusa kiwiko, apunguze. Walipita barabara zilezile, zote. Afisa alipiga simu akifoka, "Nani kawaruhusu?" Mdogo mtu akajibu, "Mwenye sauti," akakata.

Mazungumzo yalimalizika tarehe 2 Oktoba, bei ikakubaliwa, wakubwa wakapeana mikono mbele ya kamera. Ugonjwa haukualikwa kwenye mazungumzo, kwa hiyo haukusubiri. Kadi ilipokelewa, mionzi ikaanza, na daktari akasema kwa upole kwamba wangefika Julai angekuwa na maneno mengine.

Siku za mwisho marehemu alilala chumba cha mbele, karibu na vitambaa. Akitaka maji aligonga kikombe kwa kijiko mara mbili. Akitaka dirisha, mara mbili. Mkewe alikuwa akimjibu kutoka dukani, "Nimekusikia mara ya kwanza." Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, alasiri, aligonga mara moja. Mkewe aliweka mkasi chini, akasubiri ya pili.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mmoja mwalimu na mwingine fundi umeme, wakwe wawili wanaovumilika, wajukuu wanne, mdogo wake dereva, mpwa aliyeacha chuo kikuu, ambaye marehemu aliwaambia watu kwamba yuko likizo ndefu, na pikapu ambayo leo imemleta hapa, spika zikiwa kimya njia nzima kwa ombi la mjane, ambaye sasa hivi amebadili mawazo na kukishika kipaza mwenyewe, ili mstari wa mwisho uwafikie hata walio barabarani.

Apumzike kwa amani. Narudia, kwa walio nyuma ambao hawakusikia: apumzike kwa amani.