Mama Aliyeshika Funguo za Malori

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Nakivale, na ninyi mliotoka Mbarara asubuhi hii, familia imenipa mimi, Munezero Nehemiya, mdogo wa mumewe, kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu Kabanyana Georgette, tuliyezoea kumwita Mama Divine, na naomba mnivumilie nikisoma polepole, maana nyumba hii haijalala tangu Jumatano.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 huko Bijombo, katika milima iliyo juu ya Uvira, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa tatu wa mfugaji, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi darasa la sita, kisha akashuka Uvira kwa sekondari, ambako alisoma miaka miwili tu, kwa kuwa baba yake aliugua na ng'ombe walihitaji mtu.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na kaka yangu Muhirwa Appolinaire, wakajaliwa watoto watatu, Divine, Déo, na Anne, ambaye tulimzika njiani, ndani ya Tanzania, mwanzoni mwa mwaka 1997, akiwa na miaka minne, baada ya vita kututoa nyumbani Oktoba 1996. Tulivuka mpaka wa Uganda pale Kikagate mwezi Aprili, tukalala katika kituo cha mapokezi cha Kabazana, hapa kambini Nakivale, wiki saba tukisubiri shamba, na Mama Divine ndiye aliyelima la kwanza, kwa jembe la kuazima, wakati sisi wanaume bado tulikuwa tumekaa tukiitazama ardhi.

Kaka yangu alikuwa dereva tangu Uvira, akapata kazi Mbarara mwaka 1999 katika yadi ya malori ya Mama Constance, aliyeko hapa pamoja nasi, akipeleka ndizi Kampala na kurudi na saruji. Tarehe 17 Juni 2003, saa nane mchana, jua likiwaka, barabara ikiwa kavu, lori lake liliacha njia upande wa Masaka na kuingia bondeni, naye akafariki palepale. Polisi walitafuta alama za breki barabarani, hawakuona hata moja. Siku ya matanga Mama Divine aliwauliza madereva mmoja mmoja kaka yangu alikuwa amelala lini mara ya mwisho, na hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu kila mtu pale yadi alijua alichobeba, lakini usingizi wake haukuwa kazi ya mtu yeyote.

Mwaka 2004 alianza kuwapikia madereva uji palepale yadi, na mwaka 2006, Mama Constance alipoona kwamba anajua kuandika na hachelewi, akamkabidhi funguo zote za malori. Ndipo sisi madereva, maana nami nilikuwa nimeingia kazi pale, tulipoanza kumwona mzigo. Dereva akija kuchukua ufunguo alikalishwa kwenye benchi, akapewa kikombe cha uji, akaulizwa amelala kwa saa ngapi, na macho yakijifumba kabla uji haujaisha, ufunguo ulibaki mfukoni mwa aproni yake. Tulipojifunza kumdanganya alianza kuwapigia simu wake zetu, ambao hawakuwa na ujuzi wetu wa kudanganya.

Sasa nafika mwaka 2009, ambao baadhi ya ndugu walinishauri niuruke, nami nimekataa.

Tarehe 4 Machi nilirudi kutoka Kampala saa kumi na mbili asubuhi, baada ya siku tatu barabarani, na msimamizi wa yadi akaniambia niende mara moja Kikagate kubeba mahindi, nami sikubisha, kwa sababu aliyekataa safari alilikuta lori lake kesho yake lina dereva mwingine. Mama Divine akanitazama.

"Nehemiya, ulilala masaa ngapi?"

"Nililala mingi."

"Ulilala fasi gani?"

Mahali pa kutaja sikuwa napo, nikanyoosha mkono nipewe ufunguo. Msimamizi akamwambia, "Mama, toa ufunguo, gari inachelewa," naye akamjibu bila kupaza sauti, "Sitautoa kwa mukono yangu. Mumoja wa hii nyumba nilishamuzika." Msimamizi akauchomoa mwenyewe mfukoni mwake, akamwambia arudi Nakivale, asije tena, na mimi, badala ya kumtetea mwanamke aliyenitunza kambini kama mama, nilimwambia kwamba tangu amzike mume wake anaona maiti katika kila mtu. Alivua aproni, akaikunja, akaenda zake.

Saa saba mchana, kwenye miteremko ya Isingiro, nililala kwenye usukani, lori likaingia katika shamba la ndizi, mguu wangu ukavunjika mara mbili. Mwenye shamba, mama aitwaye Yudita, alikuwa ameacha kupalilia dakika chache tu kabla, akaenda kunywa maji, na jembe lake walilikuta chini ya gurudumu. Nimeliona jembe lile kila siku tangu hapo.

Mama Divine alifika hospitalini kesho yake akiwa juu ya boda boda, ameshika chungu cha supu, nami nikageukia ukuta nikisubiri maneno ambayo alikuwa na haki nayo. Akanivutia shuka mabegani, akasema, "Lala, shemeji. Hapa hakuna mutu wa kukuamusha," akakaa hadi jioni.

Mwezi uliofuata Mama Constance alikuja mwenyewe hapa Nakivale kumwomba arudi. Alimjibu kwamba amechoka, akaomba siku tatu, kisha akasema atarudi kukiwa na chumba cha vitanda kwa ajili ya madereva, madereva wawili kwa kila safari ndefu, na asiwepo mtu wa kuchukua ufunguo ambao yeye ameukataa. Vitanda vilikuja, sharti lake la ufunguo likakubaliwa, akarudi kazini, ila dereva wa pili alisubiriwa miaka miwili. Tangu hapo malori yale yamegonga na kugongwa, lakini hatujazika dereva wa yadi ile.

Yeye mwenyewe hakulala vizuri tangu 2003. Shinikizo la damu lilimpata mwaka 2012, figo zikafuata, akaacha kazi Februari mwaka huu, na tarehe 12 Agosti 2015, saa nne asubuhi, alifariki hospitalini Mbarara, Divine na Déo wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kupika siku hizi zote, kanisa, Mama Constance, na madereva wenzangu walioegesha malori leo ili kuwa hapa.

Mimi nilimrudishia chungu chake, nikamlimia shamba misimu sita, lakini neno lile nililomwambia sikuwahi kumwomba msamaha wake kwa mdomo, nikidhani siku zipo. Ninamwomba leo, mbele yenu.

Mama Divine, tuliobaki umetulaza mmoja mmoja. Pumzika na wewe sasa, kwa amani ya Bwana.